Boila ya kuni ya nje inakula kuni kama tanuru la matofali: tatizo ni boila, bomba au kuni?

#1 Njoro_MN

Wakuu, naleta vipimo tuvichambue. Ni boila ya kuni ya nje, ile inayokaa uani kama kibanda cha bati: chemba ya moto imezungukwa na maji, na maji hayo yanapita chini ya ardhi hadi ndani ya nyumba. Mahali ni kaskazini mwa Minnesota, usiku unashuka hadi nyuzi 25 chini ya sifuri (natumia Selsiasi kote).

Nyumba ina mita za mraba 180. Boila ni ya lita 750, mfumo wa wazi usio na shinikizo. Imesetiwa 82, feni inaamka maji yakishuka 76. Kutoka boila hadi ukutani ni mita 35, bomba la PEX (plastiki inayostahimili maji ya moto) la inchi 1. Ndani kuna rejeta ya maji iliyowekwa juu ya tanuru la hewa la zamani. Mita ya mtiririko inasoma lita 20 kwa dakika.

Maji yanatoka boila 82, yanaingia nyumbani 78, yanatoka kwenye rejeta 62, yanafika boila 58.

Shida: kuni zinaisha upesi mno, lami nyeusi inatiririka kwenye fremu ya mlango, na asubuhi moshi unalala chini mpaka kwa jirani. Kuni ni mwaloni, ulikatwa na kupasuliwa mwezi wa nne. Nianze wapi?

#2 Fundi_Dohani

Umefanya vizuri kupima sehemu zote nne. Wengi hutaja namba moja tu, ile ya kwenye boila, halafu wanauliza kwa nini nyumba ni baridi.

Chukua lita kwa dakika, zidisha kwa tofauti ya digrii, zidisha kwa 0.07. Unapata kilowati.

Nyumba inapokea 20 × 16 × 0.07, yaani kW 22 hivi. Kwa nyumba hiyo na baridi hiyo si jambo la ajabu. Sasa angalia njiani: digrii 4 zinapotea wakati wa kwenda na 4 wakati wa kurudi. 20 × 8 × 0.07 ni kW 11. Theluthi ya joto lote inapasha udongo. Kwa siku ni zaidi ya kWh 260, na kwa boila ya kawaida inayofikisha kwenye maji kama nusu ya nguvu ya kuni, hapo unazika zaidi ya kilo 120 za kuni kila siku.

Bomba zuri la mita 35 halipotezi hata digrii moja kwa mtiririko huo. Likipoteza 4, maana yake kuna maji ndani ya ganda lake. Toka nje theluji ikishaanguka: ukiona mstari ulioyeyuka unaofuata mtaro, au majani mabichi kwenye mstari huo wakati uwanja wote umekauka, hilo ndilo jibu.

Kwa hiyo usianze na boila. Anza na mtaro.

#3 Njoro_MN

Mstari upo, mkuu. Upana wake kama nusu mita. Bomba ni lile lililofungwa karatasi ya fedha yenye viputo, ndani ya ganda jeusi la plastiki lenye mikunjo.

#4 Fundi_Dohani

Basi ni lile lile linalosumbua wengi. Viputo na karatasi ya fedha havizuii joto vikiwa vimebanana, na ganda la mikunjo likitoboka mahali pamoja linajaa maji kutoka mwisho hadi mwisho. Mabomba ya kwenda na kurudi yakigusana humo, la moto linampa la baridi joto lake kabla halijafika nyumbani.

La kuweka ni lile ambalo povu limemwagwa kiwandani likashikana na PEX na ganda la nje, bila nafasi ya maji kutembea. Bei yake kwa mita ni kubwa mara kadhaa, na ndiyo sehemu ya mfumo ambayo sishauri mtu abane pesa. Rejeta utaibadilisha kwa saa moja. Bomba la chini ya ardhi utalichimbua na trekta.

Ukichimba:

Kina. Kanuni za ujenzi za Minnesota zinahesabu kina cha kuganda kuwa futi 5 kaskazini, sawa na mita 1.5, na futi 3.5 kusini. Bomba lenye povu zuri na maji yanayozunguka linavumilia kina kifupi zaidi, ila usilipeleke chini kabisa mahali ambapo maji ya ardhini hupanda. Mtaro wenye maji ni mbaya kuliko mtaro wenye kina kifupi.

Mchanga sentimita 10 chini na juu ya bomba kabla ya kurudisha kifusi. Jiwe moja lenye ncha linatoboa ganda, na unarudi ulikotoka.

Ncha zote mbili zifungwe kwa kofia za mpira zinazobana. Maji mengi huingilia pale bomba linapochomoza nyuma ya boila, si katikati ya mtaro.

Kipenyo. Inchi 1 inabeba vizuri hadi lita 30 kwa dakika. Kwa tofauti ya digrii 11, ambayo ndiyo watu wengi hupangia, hizo ni kW 23. Nyumba yako iko ukingoni kabisa. Weka inchi 1¼, utafika lita 45 bila pampu kubwa.

#5 Mama_Tumaini

Nakubaliana kuhusu bomba, lakini naomba tusiipite ile 58. Ndiyo inayoua boila.

Maji yakirudi chini ya 60, chuma cha upande wa moto kinabaki baridi kiasi kwamba mvuke ulio ndani ya moshi unageuka maji juu yake kama umande kwenye chupa ya soda. Umande huo unachanganyika na tindikali ya moshi. Sehemu yake inakauka na kuwa lami, sehemu inakwenda chini kwenye majivu, pale nyuma kwenye pembe za kuchomelea, na inakula chuma polepole. Boila nyingi zinazovuja mapema hutobokea upande wa moto, chini, nyuma. Mwenye nayo analaumu maji wakati kosa ni joto la kurudi.

Dawa yake ni vali ya kuchanganya inayojiendesha kwa joto, ya digrii 60, inawekwa nyuma ya boila kati ya bomba la kwenda na la kurudi. Maji ya kurudi yakiwa baridi, inayachanganya na ya moto kabla hayajaingia. Haina waya, haina seti. Angalia mshale wa mtiririko uliochorwa mwilini mwake na herufi za milango yake mitatu; ikifungwa kinyume, boila inachemka na nyumba inabaki barafu.

#6 Mkivu_Maine

Asante Mama. Swali: je, kuongeza mwendo wa pampu peke yake hakuwezi kupandisha ile ya kurudi?

#7 Mama_Tumaini

Kunaweza, kwa kiasi. Lita 30 badala ya 20 kwa mzigo ule ule wa kW 22, tofauti ndani ya nyumba inashuka kutoka 16 hadi kama 10.5. Hapo maji yanarudi juu ya 65 na umeponyoka bila vali. Ila asubuhi unapowasha moto kwenye maji baridi, au sehemu mbili za nyumba zikiita joto pamoja, pampu haikusaidii. Vali inalinda saa zote.

Na ukibadilisha pampu, iweke chini, nyuma ya boila, na vali za kufunga pande zote mbili ili siku ya kuitoa usimwage lita 750. Mfumo wa wazi una shinikizo dogo sana. Pampu ikiwekwa juu, au mwisho wa bomba refu inakovuta badala ya kusukuma, maji ya moto yanafanya mvuke ndani yake. Utasikia sauti kama changarawe kwenye debe. Pampu ya namna hiyo haimalizi msimu.

#8 Fundi_Dohani

Sasa kuni. Mwaloni wa mwezi wa nne kuchomwa mwezi wa kumi na mbili mwaka ule ule ni mbichi, hata kama sura yake imepauka na ncha zimepasuka. Mwaloni unataka miaka miwili. Miti ya mepo (maple) na ash, ikipasuliwa na kupangwa kwenye upepo, mwaka mmoja hutosha.

Usiamini macho, tumia kipima unyevu, na kipime mahali sahihi: chukua ukuni kutoka katikati ya rundo, uupasue hapo hapo, chomeka pini mbili katikati ya uso mpya, kufuata mwelekeo wa nyuzi. Ukipima ncha au uso wa zamani utasoma asilimia 15 wakati ndani ni 35. Unayotaka ni 20 au chini.

Kwa nini inahesabika hivyo: kilo moja ya kuni zenye maji asilimia 20 ya uzito wake inatoa kama megajuli 15. Ikiwa nusu ya uzito ni maji, inatoa kama 8. Nguvu nyingine hakuna: nusu ya kilo ni maji tu, na sehemu ya joto imetumika kuyachemsha na kuyatoa kwa dohani.

Kuna imani kwamba kuni mbichi "zinadumu" usiku. Zinadumu kwa sababu haziwaki. Zinafuka, na kufuka huko ndiko kunakotengeneza lami yako na moshi wa jirani.

#9 Ziwa_Superior

Naongeza kuhusu kununua kuni, maana wageni wengi wanaumizwa hapa. Kodi (cord) kamili ya kuni, kipimo cha Marekani na Kanada, ni rundo la futi 4 × 4 × 8, futi za ujazo 128, sawa na mita za ujazo 3.6. Kuna wauzaji wanaoita "kodi ya uso": rundo la futi 4 kwenda juu na 8 urefu, lakini kina chake ni urefu wa ukuni mmoja tu. Kuni zikiwa za inchi 16, hiyo ni theluthi ya kodi, mita za ujazo 1.2. Uliza urefu wa ukuni kabla ya kutoa hela, na pima rundo likiwa limepangwa, si likiwa limemwagwa kwenye gari.

Jambo jingine: usisafirishe kuni mbali. Yule mdudu wa kijani anayeua miti ya ash aligunduliwa Michigan mwaka 2002 na amesambazwa sana ndani ya kuni za magari. Majimbo mengi yana sheria za kuzuia. Nunua karibu na unakochomea.

#10 Mkivu_Maine

Papa Fundi, nauliza kuhusu maji yenyewe. Kuna wanaotia kulanti ya gari ili yasigande. Ni sawa?

#11 Fundi_Dohani

Hapana, ndugu yangu. Kulanti ya kawaida ya gari ni sumu, na mifumo mingi ina kibadilisha joto, yaani sahani za chuma zinazotenganisha maji ya boila na maji ya kuogea. Sahani moja ikitoboka, sumu iko kwenye bomba la jikoni. Ikibidi kuzuia kuganda, iliyoruhusiwa ni propileni glaikoli. Lakini kwa lita 750 ni gharama kubwa, inapunguza uwezo wa maji kubeba joto, na inazeeka na kuwa tindikali. Wenye kukaa nyumbani msimu mzima wanaacha maji matupu na kuhakikisha pampu hailali.

Unachopaswa kutia ni dawa ya kuzuia kutu, iliyotengenezwa kwa boila za wazi, kwa kawaida yenye naitraiti au molibdeti. Mfumo wa wazi unapumua. Oksijeni inaingia kila siku. Bila dawa utapata vishimo kwenye chuma, vidogo kama vya sindano.

Pima mara mbili kwa mwaka, kabla ya kuwasha na katikati ya msimu. Fungua vali ya kuchukulia maji, acha yatiririke kidogo yale yaliyolala yatoke, ndipo ujaze chupa. Acha yapoe kabla ya kutia karatasi ya kipimo. Boila nyingi za chuma cha kawaida hutaka pH kati ya 8.5 na 10. Kijitabu cha boila yako ndicho chenye neno la mwisho. Maji ya rangi ya chai ni kutu inayoendelea, si uchafu wa zamani.

Na andika kila unapoongeza maji. Kupungua kidogo kwa mvuke ni kawaida. Kama unaongeza ndoo nzima kila wiki, kuna mahali panavuja au panachemka, na kila ndoo mpya inaleta oksijeni na chokaa mpya.

#12 Njoro_MN

Hapo umenigusa. Ndani ya chemba, nyuma, majivu yameloa. Nitajuaje kama ni jasho au ni tundu?

#13 Mama_Tumaini

Jasho lina tabia, tundu halina. Kwanza ondoa majivu yote ya nyuma hadi uone chuma. Weka alama ya kina cha maji kwenye mpira wa kuonyeshea. Washa moto wa kuni kavu, funga vali za kwenda nyumbani kwa muda ili boila ipande upesi, na usiondoke hapo.

Jasho linaonekana ukutani kote, matone madogo, na linakoma maji yakipita 65. Tundu linatoa maji sehemu moja tu, mstari mmoja wa unyevu unaoanzia kwenye mshono, na haliachi hata maji yakifika 80. Chuma kikiwa cha moto utasikia linachachatika: tss, tss, pale pale.

Kwa namba zako za 58 na mwaloni mbichi, nadhani ni jasho. Lakini pima.

Likiwa tundu, usimwage dawa za kuziba kama za rejeta ya gari. Zinaziba vibadilisha joto na pampu pia. Maji yatolewe, pakwanguliwe hadi chuma king'ae, mchomeleaji akate sehemu iliyokonda na kuweka kiraka cha chuma cha unene ule ule. Kuchomelea juu ya chuma kilicholiwa ni kusogeza tundu sentimita mbili pembeni.

#14 Fundi_Dohani

Lami ya mlangoni. Ile inayong'aa kama lami ya barabara usiiguse ikiwa baridi, inapasua gasketi, ile kamba inayoziba mlango. Chemba ikiwa ya moto inalainika, kwangua kwa kikwangulio cha chuma. Kisha jaribu gasketi: mlango ukiwa baridi, bana karatasi nyembamba, funga, vuta. Ikichomoka bila kukwama, hewa inapita. Zunguka mlango mzima kila sentimita 10. Kamba ya faibaglasi ibadilishwe yote kwa kipande kimoja, maungio yawe upande wa bawaba wala si chini, na ibandikwe kwa silikoni ya joto kali.

Gasketi inayovuja ni hatari kuliko inavyoonekana. Feni imezima, kilango cha hewa kimefunga, lakini moto unavuta hewa kupitia mlango na maji yanaendelea kupanda hadi yachemke. Ukikuta mvuke unatoka kwenye bomba la kupumulia wakati thermostati iko sawa, angalia mlango, halafu kilango cha hewa. Lami inakigandisha kikibaki wazi nusu.

#15 Ziwa_Superior

Kufungua mlango pia, tafadhali. Boila iliyolala saa mbili imejaa gesi isiyoungua. Ukiifungua kwa pupa, oksijeni inaingia na inalipuka usoni. Kama ina kipitisho cha moshi, kifungue kwanza. Fungua mlango kiasi cha vidole viwili, simama upande wa bawaba, hesabu hadi 15, ndipo ufungue wote. Glavu ndefu za ngozi, usivae nguo za nailoni.

#16 Mkivu_Maine

Na wale wenye boila mpya zinazochoma moshi wake mara ya pili?

#17 Fundi_Dohani

Kanuni za mtaro na maji ni zile zile, ila boila hizo hazivumilii kuni mbichi kabisa. Chemba ya chini inahitaji joto la karibu digrii 1,000 ili gesi iungue. Ukuni wenye unyevu unaizima na inageuka kuwa boila ya zamani yenye bei ya juu. Kila wiki safisha mirija ya joto kwa brashi au kwa mpini wake, kwa sababu masizi membamba tu yanazuia joto na linaenda dohani. Ukiona joto la moshi linapanda wiki hadi wiki kwa moto ule ule, mirija imeziba. Angalia pia tofali la pua ya katikati, pale moto unapopenya kwenda chemba ya chini. Ufa mdogo si kitu, tofali likimeguka badilisha.

Boila mpya za makazi zinazouzwa Marekani lazima ziwe na cheti cha EPA, shirika la mazingira la serikali kuu. Kanuni zilitoka 2015 na zikakazwa 2020. Ya mtumba ya zamani inaweza kukataliwa kusimikwa mahali ulipo, kwa hiyo uliza wilayani kabla ya kulipa.

#18 Ziwa_Superior

Kwa wa New York: boila mpya ya makazi inatakiwa dohani ya angalau futi 18 kutoka ardhini, na iwe futi 100 kutoka mpaka wa kiwanja. Mahali pengine sheria ni tofauti, lakini kama jirani yuko karibu, dohani iliyopita kilele cha paa lake kwa sentimita 60 inamaliza ugomvi mwingi. Vipande vya kuongezea viwe vya kuta mbili zenye kinga. Bomba la bati tupu linapoza moshi, na lami inarudi chini.

#19 Njoro_MN

Umeme ukikatika usiku wa baridi kali?

#20 Mama_Tumaini

Pampu ya wati 85 kwa saa 24 ni kWh 2. Betri ya risasi ya volti 12, Ah 100, ina kWh 1.2 lakini usitumie zaidi ya nusu, kwa hiyo unahitaji nne. Za lithiamu zinatosha mbili. Inveta iwe ya wimbi safi. Pampu inanguruma na kupata moto kwenye zile za bei rahisi. Feni ya boila iunganishwe humo humo.

Kama huna betri, kinachoganda kwanza si maji ya chini ya ardhi, ni vali na viungo vya nyuma ya boila. Vifunge kwa kinga ya povu sasa hivi, mchana bado upo.

#21 Mkivu_Maine

Majivu mnatoa kila lini? Na kiangazi mnamwaga maji?

#22 Fundi_Dohani

Kwa kuni kavu, mara moja kwa wiki. Acha kitanda cha makaa cha sentimita 5 hadi 8, ndicho kinachowasha mzigo unaofuata. Majivu yaende kwenye ndoo ya bati yenye kifuniko, juu ya ardhi tupu, mbali na ukuta. Kaa linaweza kuishi siku kadhaa ndani ya majivu na juu hutaona kitu.

Maji usimwage. Boila tupu ina hewa na unyevu, na kutu inafanya kazi miezi sita bila kupumzika. Iache imejaa, dawa ikiwa kiwango sahihi. Upande wa moto ndio wa kushughulikia, tena wiki ile ile uliyozima: majivu yakilala yananyonya unyevu wa hewa na kuwa tope linalokula chuma. Kwangua hadi pembeni, piga brashi dohani, paka ndani mafuta mepesi kwa kitambaa, funika dohani kwa ndoo iliyopinduliwa, na acha mlango wazi kidogo.

#23 Mama_Tumaini

Na pampu uiwashe dakika chache kila mwezi, la sivyo Septemba utakuta mhimili wake umeshika. Ndoo ya dohani iandike kwa rangi mlangoni, kwamba ipo juu, ili atakayewasha asiisahau.

#24 Njoro_MN

Nimepata. Naagiza mita 36 za bomba la povu, inchi 1¼, na vali ya 60. Mwaloni naurudisha kwenye rundo, nanunua ash iliyokufa imesimama, nitapima kila mzigo kabla ya kushusha.

#25 Fundi_Dohani

Agiza 40. Unahitaji kupanda ukutani na nyuma ya boila, na hilo bomba haliungwi katikati ya mtaro.